Maana Kabla ya Orodha: Uhakiki wa Njia za Kujenga Msamiati wa Kiingereza cha Kila Siku

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Katanga au wa Kivu anapoanza kujifunza Kiingereza, hawi mtu asiye na lugha. Nyumbani na mjini anasema Kiswahili, mara nyingi pamoja na lugha ya wazazi wake. Shuleni amefundishwa kwa Kifaransa. Kwake yeye Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne. Hata hivyo, vitabu vya msamiati vinavyomfikia vimetungwa aghalabu kwa ajili ya mtu mwingine: ama kwa mwanafunzi wa Ulaya anayejua lugha moja tu, ama kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyezungukwa na Kiingereza tangu shule ya msingi. Jambo hili si dogo. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barua, mikataba na mitihani ya Kiingereza imezidi kumkaribia Mkongomani. Kosa la neno moja laweza kumfanya mwombaji aonekane mjeuri, au mfanyabiashara aonekane ameahidi asichoahidi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki njia mashuhuri zilizopendekezwa za kumjengea mwanafunzi msamiati wa Kiingereza cha kila siku, na kupima kila moja kwa swali moja: je, njia hiyo inaanzia kwenye neno au inaanzia kwenye maana? Hoja itakayotetewa ni kwamba orodha, hata ikiwa nzuri, haimfikishi mwanafunzi mbali mpaka maana za maneno zipangwe na kulinganishwa; na kwamba kwa kazi hiyo Kiswahili ni chombo cha thamani ambacho hakijatumiwa ipasavyo.

2. Orodha za maneno: Ogden na West

Mwaka 1923 C. K. Ogden na I. A. Richards walitoa kitabu The Meaning of Meaning, ambamo walisisitiza kwamba neno halifungamani na kitu moja kwa moja. Kati yao kuna wazo la msemaji. Yapata miaka saba baadaye, mwaka 1930, Ogden alitangaza mpango wake wa Basic English, yaani Kiingereza kilichopunguzwa mpaka maneno 850. Kati ya hayo, 600 ni majina ya vitu na mambo, 150 ni maneno ya sifa, na 100 ni maneno ya kuendeshea sentensi. Vitenzi havizidi 18.

Hesabu hiyo inapendeza, lakini uhakiki hauna budi kuuliza kilichofichwa ndani yake. Ogden aliweza kuviondoa vitenzi vingi kwa sababu Kiingereza kina desturi ya kuunganisha kitenzi kifupi na kijineno kinachofuata. Badala ya kitenzi kimoja cha kuahirisha, husemwa "put off". Badala ya kuzima, "put out". Badala ya kuvumilia, "put up with". Kwenye karatasi ni neno "put" na vijineno vichache ambavyo mwanafunzi amekwisha kuvijua. Katika akili ya Mswahili, hata hivyo, hayo ni mambo matatu tofauti: kuahirisha mkutano, kuzima moto, kuvumilia jirani msumbufu. Hakuna njia ya kuotea maana ya tatu kutokana na ile ya kwanza. Kwa hiyo idadi ya maneno imepungua, idadi ya maana haikupungua. Mzigo umehamishwa kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Mtu aliyeanza kwa kuhesabu maneno amejidanganya juu ya kiasi cha kazi inayomngoja.

Michael West, aliyefundisha Bengal wakati wa utawala wa Waingereza, aliielewa hatari hiyo vizuri zaidi. Katika A General Service List ya mwaka 1953, yenye maneno makuu yapatayo 2,000, hakuridhika kutaja neno na idadi ya kutokea kwake. Alizigawa maana za neno moja na kuonyesha kwa asilimia ni maana ipi inayotumika zaidi. Huu ni ubora ambao wengi walioirithi orodha yake wameusahau. Waliichukua orodha, wakaziacha asilimia, wakawapa wanafunzi maneno matupu wayakariri. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "run" ni kukimbia, atashangaa kukuta katika gazeti duka, mashine, mto na kampeni ya uchaguzi vyote vikifanya "run". Si neno alilolikosa. Alikosa kuambiwa kwamba neno hilo ni nyumba yenye vyumba vingi, na kwamba vyumba vingine vinatembelewa zaidi kuliko vingine.

3. Kamusi za mwanafunzi na ufafanuzi wa maana

Njia ya pili ni ile ya kamusi zilizotungwa kwa ajili ya mgeni wa lugha. West mwenyewe, pamoja na J. G. Endicott, alitoa mwaka 1935 kamusi ambamo maneno yote yalifafanuliwa kwa kutumia msamiati wa maneno 1,490 tu. A. S. Hornby na wenzake wawili walichapisha yao Tokyo mwaka 1942. Ndiyo iliyotolewa tena na Oxford mwaka 1948 na kuwa babu wa kamusi zinazojulikana hadi leo. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilifuata desturi ya West kwa kutumia maneno ya ufafanuzi yapatayo 2,000. Mwaka 1987 ikaja COBUILD, iliyosimamiwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Watungaji wake walikusanya matini nyingi ndani ya kompyuta, wakatazama neno linaandamana na maneno gani, kisha wakaeleza maana kwa sentensi kamili, jinsi mwalimu anavyomweleza mwanafunzi kwa mdomo.

Hatua hizi zastahili sifa. Sentensi kamili huonyesha kwa wakati mmoja maana ya neno, mtu anayehusika na jambo linaloandamana nalo. Lakini kamusi hizo zote zina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni Kiingereza chenyewe. Asiyejua yale maneno 2,000 ya ufafanuzi hubaki nje, naye ndiye hasa mwenye haja ya msamiati wa kila siku. Zaidi ya hayo, kamusi ya lugha moja haiwezi kumwonya msomaji juu ya kosa litokalo katika lugha yake mwenyewe. Itaeleza "hand" ni nini na "arm" ni nini, kila moja mahali pake pa alfabeti, bila kujua kwamba kuna msomaji ambaye kwake vyote viwili ni mkono.

4. Mlango wa Kifaransa

Katika Kongo mlango unaotumika zaidi ni Kifaransa. Mwalimu anaandika neno la Kiingereza ubaoni, kando yake analiweka la Kifaransa, kazi imekwisha. Faida yake haikanushiki. Tangu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimepokea maelfu ya maneno ya Kifaransa, hasa ya sheria, dini, utawala na elimu. Msomi wa Lubumbashi anayefungua kitabu cha Kiingereza cha siasa au cha falsafa huona kurasa zilizojaa nyuso anazozifahamu.

Taabu huanza anapofunga kitabu na kutoka nje. Maneno ya jikoni, ya sokoni, ya mwili na ya kazi za mikono mengi yamebaki ya Kijerumani cha kale, na hapo Kifaransa hakina la kusema. Hata nyuso zile za kitabuni nyingine ni za ndugu waliotengana zamani. "Library" ni maktaba, hali "librairie" ni duka la vitabu. "Actually" ni kwa kweli, hali "actuellement" ni kwa wakati huu. "Eventually" ni hatimaye, jambo ambalo litakuwa. "Éventuellement" ni pengine, jambo ambalo huenda lisiwe. Anayeahidi kulipa "eventually" huku akifikiri kwa Kifaransa ameahidi zaidi ya alivyokusudia. "To ignore" ni kupuuza kwa makusudi, hali "ignorer" ni kutojua tu. Mfanyakazi anayejitetea kwamba alifanya "ignore" agizo la mkubwa wake amekiri kosa badala ya kulikana.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni "demander". Kwa Kifaransa ni kitenzi cha adabu. Mtu hukitumia kuomba na kuuliza. Kiingereza kilikichukua kitenzi hicho, kikakipa ukali: "to demand" ni kudai, tena kwa nguvu. Mwombaji anayeandikia chuo cha kigeni kwamba "I demand a scholarship" hakuomba msaada wa masomo. Ameudai kama mtu anayedai deni. Msomaji wa barua hiyo hatajua kwamba nyuma ya neno hilo kuna unyenyekevu wa Kifaransa.

5. Kiswahili kama mizani ya maana

Lakini mwombaji huyo huyo, lau angeanzia kwenye Kiswahili, asingekosea. Kiswahili kinatenga waziwazi mambo matatu: kuuliza, kuomba na kudai. Kuuliza ni "to ask". Kuomba ni "to ask for". Kudai ni "to demand". Hakuna Mswahili anayechanganya kuomba na kudai, kwani tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya heshima na ugomvi. Maana alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba Kiingereza kimeigawa karibu na jinsi lugha yake ilivyoigawa.

Mifano ya namna hii ni mingi. Kitenzi "dire" cha Kifaransa hutumika pamoja na mtu anayeambiwa au bila yeye, na hapo ndipo wanafunzi wanapochanganya "say" na "tell". Kiswahili kina kusema na kuambia, na kuambia hakisimami bila kiambishi cha mtu: aliniambia, walituambia. Vivyo hivyo "tell" kwa kawaida humhitaji mtu anayeambiwa mara tu baada yake. Anayejua kwamba haisemwi "alinisema kwamba" kwa maana ya "aliniambia kwamba" anayo kanuni ya "say" na "tell" kinywani mwake.

Ulio muhimu zaidi ni mnyumbuliko wa vitenzi. Kifaransa kina "apprendre" kwa mwanafunzi na kwa mwalimu pia, na kwa sababu hiyo "learn" na "teach" hugongana. Kiswahili kinasema kujifunza na kufundisha. Kukopa na kukopesha ni "borrow" na "lend". Kukumbuka na kukumbusha ni "remember" na "remind". Kula na kulisha ni "eat" na "feed". Kuona na kuonyesha ni "see" na "show". Kwa Mwingereza maneno hayo ni jozi zisizofanana sura, nazo zimetawanyika katika alfabeti. Kwa Mswahili ni shina moja na kiambishi cha kusababisha. Kiingereza chenyewe kilikuwa na utaratibu unaokaribiana na huo zamani, na mabaki yake yanaonekana katika "lie" na "lay", "sit" na "set", "fall" na "fell". Jozi ya kwanza, inayowatesa hata Waingereza wenyewe, haina ugumu kwa anayejua kulala na kulaza.

Hivyo basi, mwalimu anayepanga msamiati kwa jozi za kutenda na kutendesha hawi anatafsiri tu. Anampa mwanafunzi kamba ya kufungia maneno mawili pamoja, ambayo orodha ya alfabeti iliyatenganisha.

6. Mahali ambapo Kiswahili kinapotosha

Uhakiki wa haki hauwezi kusifu upande mmoja. Kuna nyanja ambazo Kiswahili hupotosha kama Kifaransa, au kuliko hicho. Mwili ni wa kwanza: mkono ni "hand" na pia "arm", mguu ni "foot" na pia "leg", kidole ni "finger" na pia "toe". Mgonjwa anayemweleza daktari wa Kiingereza maumivu ya mguu hana budi kuchagua, na lugha yake haikumzoeza kuchagua hapo.

Kitenzi kusikia ni mfano wa pili, hasa katika Kiswahili cha Kongo. Mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu, tena husikia lugha fulani kwa maana ya kuielewa. Kiingereza kinaligawa eneo hilo kwa "hear", "feel", "smell" na "understand". Kutafsiri kusikia kwa "hear" peke yake ni kumfungulia mwanafunzi mlango mmoja wa nyumba yenye minne.

Ujamaa ni wa tatu, nao una uzito wa pekee. Kamusi ikisema kwamba "uncle" ni mjomba imesema nusu. Mjomba ni ndugu wa mama. Ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Miongoni mwa Wabemba wa kusini mwa Katanga, ambao hufuata ukoo wa mama, mjomba ana haki na wajibu ambavyo neno "uncle" halividokezi hata kidogo. Kwa upande mwingine, ndugu huweza kuwa "brother", "sister" au "cousin", na Mwingereza anayesikia mtu akitaja "brothers" ishirini atashangaa bure. Hapa mwanafunzi hajifunzi neno jipya tu. Anajifunza kwamba watu wengine wameihesabu familia kwa namna nyingine.

Na yapo mambo ambayo Kiingereza hakina jina lake. Kuuita ugali, au bukari kama unavyoitwa Lubumbashi, kwa jina la "porridge" ni kumfanya Mwingereza aone uji bakulini. Katika hali hiyo maelezo mafupi ni bora kuliko neno moja lenye uwongo, na mwanafunzi afundishwe kueleza bila kuona haya.

7. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili mbele ya msomaji wa Kongo

Je, kamusi za lugha mbili zimekwisha kuifanya kazi hiyo? A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1894. Frederick Johnson aliendeleza msingi wake katika kamusi za mwaka 1939. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa ya kwake mwaka 1996. Kwa upande wa Kifaransa, Charles Sacleux alianza kuchapisha kamusi yake kubwa mwaka 1939, na Lenselaer akatoa yake mwaka 1983. Hazina hiyo ni ya fahari. Lakini mpango wake ni ule wa visawe: neno, kisha maneno mawili matatu yaliyotenganishwa kwa mkato. Mkato huo hauelezi ni wakati gani kisawe cha kwanza kinafaa na cha pili hakifai.

Tena, msomaji wa Lubumbashi hukutana na taabu ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haijui. Kamusi zinatumia Kiswahili Sanifu, naye anaishi katika Kiswahili kingine. Mjini kwake "masomo" ni shule yenyewe, mahali mtoto anapokwenda asubuhi. Katika kamusi ni mambo yanayosomwa. Akitafuta Kiingereza cha "masomo" atapewa neno lisilo lake. Hospitali kwake ni lupitalo. Si kwamba anajua Kiswahili vibaya. Maneno yake yana historia yake. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, nayo ikaleta watu na maneno ya Kiingereza kabla Kifaransa hakijakita mizizi miongoni mwa wafanyakazi. Ndiyo maana Kiswahili cha Katanga kina buku na motokari, ambayo asili yake ni "book" na "motor-car". Mwanafunzi anayedhani hajui neno hata moja la Kiingereza alikwisha kunyonya kadhaa pamoja na maziwa ya mama yake.

Miongoni mwa hayo limo neno "boyi". Kamusi ya Kiingereza itamwambia mwanafunzi kwamba "boy" ni mvulana. Mzee wa Lubumbashi atamwambia kwamba boyi ni mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, awe na wajukuu au asiwe nao. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, nayo ikapewa jina la Vocabulaire. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Kwamba historia ya watu ilipewa jina la msamiati ni jambo la kufikiriwa na kila mtunga kamusi. Maana ya "boyi" haimo katika kisawe; imo katika maisha ya waliokuwa wakiitwa hivyo. Kumfundisha mwanafunzi "boy" bila kumweleza jinsi neno moja lilivyoweza kumwita mtoto na kumdhalilisha mtu mzima ni kumpa nusu ya maana, tena nusu iliyo nyepesi.

8. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba Ogden alipunguza maneno bila kupunguza maana. Kwamba West alizihesabu maana, lakini walimu wengi wakachukua hesabu ya maneno tu. Kwamba kamusi za mwanafunzi zimeeleza vizuri ila kwa yule aliyekwisha kuingia ndani. Na kwamba kamusi za lugha mbili zimeweka neno kando ya neno bila kuonyesha mipaka.

Kinachohitajika katika vyuo vya Kongo si orodha nyingine ndefu. Ni kitabu cha kadiri kilichopangwa kwa nyanja za maana: kuomba na kutoa, kusema na kusikia, mwili, ukoo, chakula, deni, kazi. Katika kila uwanja maneno ya Kiingereza yawekwe pamoja; mipaka yake ipimwe kwa Kiswahili pale Kiswahili kinapotenga, na kwa Kifaransa pale Kifaransa kinapotenga; mitego ya lugha zote mbili itajwe bila upendeleo; na kila neno lipewe sentensi inayoweza kusemwa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani. Mali ghafi ya kitabu hicho haipo mbali. Imo katika madaftari ya wanafunzi yaliyojaa wino mwekundu, ambayo idara za Kiingereza huyarudisha kila mwaka bila idara za Kiswahili kuyaona. Idara hizo mbili zikiketi meza moja, kila kosa lililosahihishwa litaeleza lilikotoka, na mwanafunzi atakayeandika barua yake ya maombi atajua, kabla ya kuipeleka, kama anaomba au anadai.